Samaki wa Bondeni Hutoka Wapi?

Mgeni apitaye Bondeni jioni huisikia harufu ya samaki kabla hajaiona hoteli yenyewe. Kando ya njia akina mama wameinamia makarai ya mafuta yanayochemka. Na ndani ya hoteli ndogo watu wameketi mbele ya ugali na ngege mzima, aliyekaangwa kisha akatiwa mchuzi wa nyanya na vitunguu. Mgeni huyo akisimama mahali palipoinuka atayaona maji ya Ziwa Nakuru yaking'aa upande wa kusini, naye atadhani ya kwamba samaki yule ametoka mle. Katika mji wa Bergen, huko Norwe, asingalikosea sana, kwa kuwa soko la samaki la mji ule liko bandarini penyewe, na bahari iliyo mbele yake ndiyo iliyowalisha watu tangu kale. Nakuru sivyo, wala haifai iwe hivyo; na sababu yake yapasa ijulikane na kila mtu anunuaye samaki mjini humu.

Ziwa Nakuru ni la magadi. Mito huingia ndani yake, lakini hakuna mto utokao; jua hunywa maji na kuyaacha magadi nyuma. Zamani hapakuwa na samaki kabisa, mpaka miaka ya 1950 walipoanza kuletwa samaki wadogo wa Ziwa Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu. Hao wakawa chakula cha ndege aitwaye mwari, si cha binadamu.

Tena majirani wengi wa ziwa hili hawakuwa walaji wa samaki. Wazee wa Kimaasai na wa Kikuyu hawakumhesabu samaki kuwa chakula. Walioleta desturi hii mjini ni watu waliokuja kwa reli na kwa kazi. Gari la moshi lilifika Nakuru mwaka 1900, na Kisumu mwaka 1901; basi ziwa kuu la Victoria likawa kama limesogezwa karibu. Wajaluo na Waluhya walikuja na ngege, omena na kamongo. Watu wa asili ya pwani wakaja na mapishi yao ya tui la nazi. Leo wajukuu wa wazee wale waliomkataa samaki huketi meza moja na wengine, nao hubishana ni nani apewe kichwa.

Kula samaki kuna adabu yake. Mikono huoshwa kwanza, kwa kuwa samaki mwenye miiba haliwi kwa uma. Vidole ndivyo viujuavyo mwiba kabla ya koo. Mwenye fedha chache huagiza omena, au ule mfupa wa mbuta uitwao mgongo wazi, ambao viwanda vya Ziwa Victoria huubakiza baada ya kuikata minofu ili ipelekwe nchi za ng'ambo. Nyama iliyoshikamana na mfupa huo ni kidogo, lakini ni tamu, na huenda aliye Ulaya akilipa ghali kwa mnofu hajui alichokosa.

Samaki hawa, basi, huja kwa gari. Wengine ni wa Naivasha, mwendo wa kilomita sabini hivi. Ziwa lile ni la maji matamu, na wengi wa samaki wake ni wageni: katika miaka ya 1920 alitiwa samaki wa Marekani kwa ajili ya mchezo wa ndoana, mwaka 1970 wakatiwa kamba wa Louisiana, na tangu mwaka 2001 hivi ameonekana samaki mnene mwenye magamba makubwa, ambaye tutamwita kapu, ingawa si kapu la sokoni. Huyu ana miiba mingi, na watu walimchukia mwanzoni, lakini baadaye akajaa nyavuni. Wengine hutoka Baringo, ambako Wanjemps, ijapokuwa wasema lugha ya jamaa ya Kimaasai, ni wavuvi hodari tangu zamani. Mji ulio pwani ya ziwa lile waitwa Kampi ya Samaki. Tena wako walioganda kwa barafu, waliosafiri kutoka Uchina katika masanduku.

Sasa twafika penye hatari. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana, hata yakalifunika lango kuu la zamani la mbuga ya wanyama. Maji ya mvua yakapunguza ukali wa magadi. Flamingo wengi wakahama, na ngege wakubwa wakaonekana mahali ambapo hawakuweza kuishi zamani. Wako watu walioingia kwa siri kuwavua, wakiwavizia askari wa mbuga na kuviziwa na viboko. Lakini uchafu wa mji mzima huteremkia ziwa hilo, nalo halina mlango wa kutokea. Vipimo vimeonyesha humo madini mazito kama vile risasi. Madini hayo hukaa katika tope, huingia katika mwili wa samaki, na kutoka hapo katika mwili wa mlaji, ambamo hukusanyika kidogo kidogo. Mtoto mdogo ndiye adhurikaye zaidi, maana risasi huharibu ubongo unaokua. Moto hauyaondoi, wala ndimu, wala chumvi.

Mama wa nyumbani amefundishwa kumtambua samaki mwema kwa jicho angavu, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ikibonyezwa. Mafundisho hayo ni ya kweli, lakini hapa hayatoshi. Samaki aliyevuliwa usiku karibu na mji ndiye atakayekuwa na jicho angavu kupita wote, kwa sababu hakusafiri! Kwa hiyo samaki mbichi mno, wa bei rahisi mno, anayetembezwa milangoni alfajiri ndani ya gunia, ndiye wa kuogopwa. Ni heri kununua sokoni, kwa mfanyabiashara ajulikanaye, na kumwuliza bila haya, "Mama, huyu alivuliwa wapi?" Anayeleta samaki wake kutoka Naivasha au Kisumu hutaja hata siku gari lilipofika. Katika hoteli swali ni hilo hilo, nalo liulizwe kabla samaki hajatiwa katika mafuta, maana akisha kukaangwa wote hufanana.