Kunoa Msumeno wa Kukata na wa Kupasua

Wakulima wengi wa skimu wana msumeno wa zamani ukutani, umeshika kutu, wala hakuna autumiaye tena. Likihitajika banda la ng'ombe au meza ya kuanikia kahawa, mwenye shamba hushika njia kwenda Thika au Ruiru kununua msumeno mpya, na ukiisha ukali huutupa. Fedha hizo zingenunua chumvi ya mifugo. Basi, ndugu mkulima, kabla ya safari utazame vizuri ule wa zamani. Ukiona umeandikwa Sheffield, au Disston wa Philadelphia, Marekani (kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1840), ujue chuma chake hukubali tupa. Unaweza kuunoa mara nyingi, hata watoto wako waurithi.

Misumeno mingi ya bei nafuu ya siku hizi si hivyo. Ncha za meno yake zina weusi unaoelekea buluu, kwa kuwa zimekazwa kiwandani. Tupa huteleza juu yake kama juu ya chupa, na anayelazimisha huharibu tupa bure.

Sugua kutu kwa msasa na mafuta ya taa. Shika msumeno mbele ya jicho, uone kama bapa lake limenyooka. Likiwa na ufa unaoanzia kwenye shina la jino, liache.

Sasa tuseme juu ya meno, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Nyuzi za mti zimelala kwa urefu, kama za katani. Ukikata ubao kwa kuukingama, unazikata nyuzi hizo. Kwa hiyo kila jino liwe kama kisu, moja likichanja kuume na la pili kushoto. Ukipasua ubao kwa urefu, unafuata nyuzi. Hapo jino liwe kama patasi ndogo, lenye ncha bapa, linalochimba na kutupa nje. Ukipasua mukima kwa msumeno wa kukatia, utatoka jasho mpaka jioni kwa ubao mmoja. Ukikata kwa msumeno wa kupasulia, ubao utachanika upande wa chini. Hesabu ncha katika inchi 1: zikiwa 5 au 6, kwa kawaida ni wa kupasulia, zikiwa 8 au 10, ni wa kukatia.

Nunua tupa ya pembe tatu, na uitie mpini wa mti, kwani mkia wake mtupu hutoboa kiganja. Upana wa upande mmoja wa tupa uwe walau mara mbili ya kina cha jino. Bana msumeno kwenye jiliwa katikati ya mbao mbili, meno yakitokeza kama robo inchi tu. Yakitokeza zaidi, bapa litatetemeka na kupiga kelele, na tupa itakwisha upesi.

Kwanza pitisha tupa bapa juu ya ncha zote, taratibu, mpaka kila jino lipate doa dogo linalong'aa. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo maana msumeno wao una meno kama ya ng'ombe mzee, marefu huku na mafupi kule. Baadaye yapinde meno, moja huku na la pili huku, kwa kifaa cha kupindia. Pinda nusu ya juu ya jino tu. Ukipinda kutoka shinani litavunjika. Mkaratusi mbichi unataka meno yaliyopanuka zaidi kuliko mbao kavu, la sivyo msumeno utabanwa.

Kwa msumeno wa kupasulia, sukuma tupa ikiwa imekingama sawasawa na bapa, na uso wa mbele wa jino usimame karibu wima. Kwa wa kukatia, uso huo ulale nyuma kidogo, kama digrii 15, na tupa uielekeze upande kama digrii 20. Ukikuta alama za mnoaji wa kwanza, zifuate. Noa nafasi moja, ruka moja, mpaka mwisho. Kisha geuza msumeno, unoe zile ulizoruka. Tupa hukata ikisukumwa mbele tu, hivyo iinue unapoirudisha. Hesabu misukumo: ikiwa mitatu kwa jino la kwanza, iwe mitatu kwa yote, na ukome mara lile doa linalong'aa linapotoweka.

Msumeno wa kukatia ulionolewa vema huwa na mfereji katikati ya safu mbili za ncha. Sindano ikiwekwa humo itateleza bila kuanguka. Jaribu kwenye ubao safi, si kwenye mbao za mapaleti ya viwandani kabla ya kung'oa misumari yote, maana msumari mmoja huharibu kazi ya saa nzima. Msumeno ukivuta kwenda kuume, meno ya kuume yamepanuka mno. Laza msumeno mezani, upitishe jiwe la kunolea mara moja kwa wepesi ubavuni mwa meno hayo, ujaribu tena. Ukinyooka, paka bapa mafuta na uutundike mahali pakavu.