Mshipa Unaojitetea Kabla ya Kupasuka

Desemba 1948, katika hospitali moja ya Brooklyn, New York, daktari wa upasuaji Rudolf Nissen alilifungua tumbo la Albert Einstein akakuta aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, umevimba. Ufundi wa kuukata mshipa huo na kuweka mwingine ulikuwa haujapatikana. Charles Dubost alifanikiwa kwa mara ya kwanza jijini Paris mwaka 1951. Nissen akachukua selofani, karatasi angavu ya kufungia peremende, akauzungushia mshipa. Hesabu yake ilikuwa kwamba selofani ingeuchokoza mwili, mwili ungeota kovu, na kovu lingeushika ukuta uliolegea. Einstein aliishi zaidi ya miaka sita. Aprili 1955 mshipa ulipasuka. Alikataa upasuaji mwingine, akafariki tarehe 18 akiwa na umri wa miaka 76.

Ugonjwa huo ni aneurizimu ya aota ya tumbo. Kwa kawaida mshipa huo una upana wa sentimita 2 hivi. Ukifika 3 unahesabiwa kuwa umevimba, ukifika 5.5 kwa mwanaume, madaktari huanza kuzungumzia upasuaji. Katikati hapo mgonjwa hupimwa na kusubiri, mara nyingi bila kuumwa popote. Ukipasuka, wengi hufa kabla ya kufikishwa hospitali. Dawa iliyothibitishwa kuuzuia usizidi kutanuka haipo. Doksisaiklini, iliyowapa watafiti matumaini kwa panya, ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa kwa miaka miwili, na matokeo ya 2020 hayakuitofautisha na vidonge visivyo na dawa.

Ukuta wa aota hunyumbulika kwa sababu ya elastini na hushikamana kwa sababu ya kolajeni, nazo seli za misuli laini ndizo zinazoutunza. Aneurizimu inapoanza, seli za kinga huvamia, vimeng'enya hula nyuzi hizo, na seli za misuli hufa moja baada ya nyingine. Wanasayansi walitaka kujua amri zinatoka wapi.

Sehemu ya jibu ilianzia kwa mnyoo wa milimita 1. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza jinsi kipande cha RNA chenye herufi 22 tu kinavyoizima jeni nyingine ya mnyoo huyo. Wengi walikiona kama kioja cha minyoo, hadi mwaka 2000 kilipopatikana kipande cha pili ambacho hata binadamu anacho. Tuzo ya Nobel ilikuja 2024. Jeni inapotaka protini itengenezwe hutoa nakala ya maagizo yake; vipande hivyo vifupi, viitwavyo maikroRNA, hujibandika kwenye nakala hiyo, na protini hupungua au haitengenezwi kabisa. MaikroRNA moja inaweza kuzigusa jeni kwa mamia.

Mwaka 2012 kundi la Lars Maegdefessel na Philip Tsao wa Chuo Kikuu cha Stanford lilitoa matokeo ya kushangaza kidogo. MaikroRNA iitwayo miR-29b hubana utengenezaji wa kolajeni na elastini. Katika panya wenye aneurizimu, ilikuwa imepungua. Mtu angedhani upungufu huo ndio ugonjwa, hivyo tiba ni kuujaza. Watafiti walipoiongeza, mshipa ulitanuka kwa kasi na kupasuka. Walipoipunguza zaidi, kolajeni iliongezeka na uvimbe ukapunguza mwendo. Kumbe mshipa ulikuwa ukijitetea. Alichokitafuta Nissen kwa selofani, ukuta wa mshipa ulikuwa tayari unajaribu kukifanya wenyewe, kutoka ndani.

Nyingine, miR-21, ilikwenda kinyume: ilipanda. Hii hubana PTEN, protini inayozuia seli zisizaliane ovyo, hivyo seli za misuli huongezeka na hazifi upesi. Ilipozimwa, uvimbe ulikua. Ilipoongezwa, ulipungua kasi. Panya waliopewa nikotini walikuwa na miR-21 nyingi zaidi na uvimbe mkubwa zaidi. Utetezi uliongezwa, lakini nikotini ikaushinda, mpaka watafiti walipoongeza msaada kutoka nje.

Basi kwa nini hakuna sindano ya miR-21? Kwa sababu maikroRNA hiyo hiyo imezidi katika saratani nyingi, na PTEN ni mlinzi dhidi ya saratani. Kuipunguza miR-29b mwili mzima nako kunaweza kuotesha makovu kwenye moyo, mapafu na ini. Isitoshe, aneurizimu ya panya hutengenezwa maabara kwa wiki chache, kwa mfano kwa kumiminia kimeng'enya cha kongosho la nguruwe ndani ya aota. Ya binadamu huchukua miaka. Mwaka 2016 jaribio la MRX34, dawa ya saratani iliyoiga maikroRNA nyingine, miR-34, lilisitishwa baada ya wagonjwa kupata madhara makali ya kinga, na baadhi yao kufa. Njia yenye akili ni kuifikisha dawa kwenye ukuta wa mshipa tu, na huko bado safari ni ndefu.

Wakati huo huo kipimo kipo, na ni rahisi. Uingereza humwita kila mwanaume anapotimiza miaka 65 apigwe ultrasaundi ya tumbo mara moja. Ni mashine ile ile inayotumika kwa wajawazito katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, na kazi huisha kwa dakika chache. Mzee wa kiume aliyefikia umri huo na aliyewahi kuvuta sigara, au ambaye baba au ndugu yake aliugua hivi, amwombe daktari ampime aota. Na anayevuta bado, aache leo.