Utambuzi na Uondoaji wa Viendelezi vya Matangazo katika Vivinjari vya Kompyuta

Utangulizi

Mtumiaji wa kompyuta anapoona matangazo yakizuka katika kurasa ambazo awali hazikuwa nayo, jambo la kwanza analolifikiria ni kirusi. Hutafuta programu ya kupambana na virusi, huiacha ichunguze kompyuta nzima, na mara nyingi huambiwa kuwa kompyuta ni salama. Matangazo yanaendelea. Baadhi huamua kuipeleka kompyuta kwa fundi, ambaye hufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Na kwa mwanafunzi aliyehifadhi humo sura nne za tasnifu bila nakala ya akiba, hatua hiyo si jambo dogo. La kushangaza zaidi ni kwamba hata baada ya gharama hiyo yote, mwenye kompyuta anapoingia tena katika akaunti yake ya kivinjari, matangazo yaleyale yanaweza kurudi siku hiyohiyo.

Chanzo cha hali hiyo aghalabu si kirusi kwa maana ya kawaida ya neno hilo, bali ni kiendelezi cha kivinjari kilichobeba programu ya matangazo. Makala haya yanaeleza namna kiendelezi cha aina hiyo kinavyofanya kazi, namna ya kukitambua na namna ya kukiondoa kisirudi. Hoja kuu ni kwamba kiendelezi hakivunji mlango. Hufanya kazi kwa ruhusa, na mara nyingi ruhusa hiyo ilitolewa na mwenye kompyuta mwenyewe. Kwa hiyo kukiondoa ni kazi ya kuifuatilia ruhusa hadi ilikoanzia, wala si kufuta aikoni moja juu ya kivinjari.

Dhana ya kiendelezi na uzito wa ruhusa

Kiendelezi ni programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari, kama vile Chrome, Firefox au Edge, ili kukipa uwezo ambao hakikuwa nao. Vipo viendelezi vya kusahihisha tahajia, vya kutafsiri kurasa na vya kukusanya marejeleo ya kitaaluma, kama kile cha Zotero ambacho wanafunzi wengi wa shahada za juu wanakifahamu. Kila kimoja, kinaposakinishwa, huomba ruhusa. Ruhusa nzito kuliko zote ni ile ya kusoma na kubadilisha data zote katika tovuti zote. Kwa kiendelezi cha tahajia ombi hilo lina mantiki, kwani hakiwezi kusahihisha kisichokiona. Kwa kiendelezi cha kuonyesha hali ya hewa au kubadilisha rangi ya kivinjari halina mantiki yoyote, na hapo ndipo shaka inapopaswa kuanza.

Maneno ya ruhusa hiyo ni mafupi, na watumiaji wengi hubofya kukubali bila kuyapima. Maana yake ni kwamba kiendelezi kinaweza kusoma barua pepe iliyofunguliwa, salio la benki lililo kwenye skrini na nywila inayoandikwa katika kisanduku. Wapo wanaodhani kuwa alama ya kufuli iliyozoeleka kando ya anwani ya tovuti inawakinga. Kufuli hilo hulinda data zikiwa njiani kati ya kompyuta na seva. Kiendelezi hakipo njiani. Kipo mwisho wa safari, ndani ya kivinjari, mahali ambapo ukurasa umekwisha kufunguliwa na kusomeka. Kikulacho, kama wasemavyo wahenga, ki nguoni mwako. Hii pia ni sababu mojawapo inayofanya programu ya kupambana na virusi ipite bila kuona kosa: kiendelezi kinafanya kile kilichoruhusiwa kufanya.

Kwa mtafiti, suala hili lina upande wa kimaadili ambao hauzungumzwi vya kutosha. Fomu ya ridhaa humwahidi mtoa taarifa kwamba maelezo yake yatakuwa siri. Iwapo majibu ya hojaji yanafunguliwa katika kivinjari chenye kiendelezi kinachosoma kila ukurasa, ahadi hiyo imekwisha kuvunjwa kabla uchambuzi haujaanza, hata kama faili zenyewe zimefungwa kwa nywila.

Hatari hiyo si ya kinadharia. Mnamo Julai 2019 mtafiti wa usalama Sam Jadali alichapisha matokeo ya uchunguzi alioupa jina la DataSpii, yaliyoonyesha kuwa viendelezi vinane vilikuwa vikikusanya historia ya kuvinjari ya watu wapatao milioni 4 na kwamba data hizo ziliuzwa. Miongoni mwa vilivyokusanywa ni viungo vya nyaraka ambazo wenyewe walidhani ni za faragha, zikiwamo za kodi. Nyaraka iliyowekwa ili isomwe na yeyote mwenye kiungo haina siri tena pindi kiungo chenyewe kinapouzwa.

Faida ya kifedha hupatikana kwa njia kadhaa: kupachika matangazo katika kurasa za watu wengine, kuelekeza utafutaji kwenye injini nyingine, na kujipatia kamisheni ya bidhaa zilizonunuliwa mtandaoni. Utafiti uliofanywa na Google pamoja na Chuo Kikuu cha California, na kuchapishwa 2015, ulibaini dalili za matangazo yaliyopachikwa katika asilimia 5.5 ya anwani za intaneti zilizotembelea tovuti za Google, na ulihesabu zaidi ya viendelezi 50,000 vya Chrome vilivyohusika. Mtumiaji ndiye anayelipia matangazo hayo kwa kifurushi chake cha data.

Namna kiendelezi chema kinavyogeuka

Ushauri wa kawaida ni kusakinisha viendelezi vinavyojulikana tu na vyenye watumiaji wengi. Ushauri huo ni mzuri lakini hautoshi, kwa sababu kiendelezi kinaweza kuuzwa. Mnamo Januari 2014 Google iliviondoa dukani viendelezi viwili, Add to Feedly na Tweet This Page, baada ya wanunuzi wake wapya kuvigeuza kuwa vya matangazo. Watumiaji hawakusakinisha chochote kipya. Kivinjari kilipokea sasisho kimyakimya, kama kinavyofanya kila siku.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa The Great Suspender, kiendelezi kilichopunguza matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta kwa kuvisitisha vichupo visivyotumika. Kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2 na msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma. Katikati ya 2020 mtengenezaji wake alitangaza kuwa anaukabidhi mradi kwa mmiliki mwingine, ambaye hakujitambulisha. Baadaye mwaka huohuo toleo jipya lilifika katika duka la Chrome likiwa na mabadiliko ambayo hayakuonekana katika msimbo ule wa wazi. Februari 2021 Google ilikiondoa kiendelezi hicho na kukizima katika kompyuta za watumiaji kwa maelezo kwamba kina programu hasidi.

Funzo la kiufundi katika mfano huu linahitaji kusisitizwa. Chrome humzuia mmiliki mpya pale tu anapoomba ruhusa kubwa zaidi ya ile ya awali: kiendelezi huzimwa hadi mtumiaji akubali. Kiendelezi ambacho tangu mwanzo kilipewa ruhusa ya kusoma tovuti zote hakina haja ya kuomba tena. Kadiri ruhusa ya kwanza ilivyokuwa pana, ndivyo mgeuko unavyokuwa wa kimya.

Utambuzi

Kipimo rahisi cha awali ni Wikipedia. Kamusi elezo hiyo haichapishi matangazo ya biashara, ingawa mara kwa mara huomba michango kwa ajili yake yenyewe. Mtumiaji akiona humo tangazo la viatu, kamari au dawa za kupunguza uzito, anaweza kuhitimisha kwamba tangazo hilo halikutoka kwa wenye tovuti.

Kipimo cha pili ni dirisha la faragha. Kwa kawaida viendelezi havifanyi kazi katika dirisha hilo isipokuwa mtumiaji amevipa idhini mahususi. Ukurasa uleule ukifunguliwa katika dirisha la kawaida na katika dirisha la faragha, na matangazo yakatoweka katika hili la pili, shaka inaelekea kwenye viendelezi. Yakibaki pote pawili, huenda chanzo ni programu iliyo nje ya kivinjari, au ni tovuti yenyewe.

Yapo matangazo ambayo huchanganywa na haya ilhali si ya jamii moja. Ni yale yanayojitokeza pembeni mwa skrini, hata mtumiaji akiwa anaandika katika Word. Hayo kwa kawaida ni arifa, na chanzo chake ni tovuti iliyomtaka mtumiaji abofye kitufe cha kuruhusu ili athibitishe kuwa yeye si roboti. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, na kuifuta tovuti hiyo katika orodha ya zilizoruhusiwa. Hakuna kiendelezi cha kutafuta hapo.

Baada ya vipimo hivyo, orodha ya viendelezi hufunguliwa kwa kuandika chrome://extensions katika upau wa anwani wa Chrome, edge://extensions katika Edge, au about:addons katika Firefox. Ni muhimu kuisoma orodha yenyewe, kwani kiendelezi kinaweza kuwapo bila aikoni yake kuonekana juu ya kivinjari. Majina hayasaidii sana: kiendelezi hasidi hupenda kujiita kigeuzi cha PDF au msaidizi wa kupakua video. Njia ya uhakika ni kuvizima vyote, kuthibitisha kuwa matangazo yamekoma, kisha kuwasha kimoja baada ya kingine. Katika hatua hii inashauriwa kuzima tu, bila kufuta, ili chanzo kijulikane kwa hakika na viendelezi visivyo na hatia visipotee pamoja na mipangilio yake.

Uondoaji

Kiendelezi kikishatambuliwa, kitufe cha kuondoa mara nyingi hutosha. Ugumu huanza pale kitufe hicho kinapokosekana au kiendelezi kinaporudi baada ya kuondolewa.

Kitufe kikikosekana, na kivinjari cha kompyuta binafsi kikieleza kuwa kinasimamiwa na shirika, sababu ni sera. Makampuni na vyuo hutumia sera kusakinisha viendelezi katika kompyuta zao kihalali, na katika kompyuta ya maabara ya chuo mtumiaji hana budi kumwona msimamizi badala ya kujifanyia mwenyewe. Lakini programu hasidi nazo hutumia njia hiyohiyo. Ukurasa wa chrome://policy huonyesha sera zote zilizowekwa. Ile inayolazimisha usakinishaji huitwa ExtensionInstallForcelist, na mbele yake huandikwa utambulisho wa kiendelezi, yaani mfuatano wa herufi 32. Katika Windows, sera hiyo hukaa ndani ya rejista, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE au HKEY_CURRENT_USER, katika njia ya Software\Policies\Google\Chrome. Kuifuta humo hukirudisha kitufe cha kuondoa. Hata hivyo, rejista haiguswi kabla ya kuhifadhi nakala yake, na asiye na uzoefu nayo ni heri amtafute mwenye uzoefu.

Kiendelezi kinachorudi huwa na mwenza. Mwenza wa kwanza ni programu ya kawaida iliyosakinishwa katika Windows, ambayo kazi yake ni kukipachika tena kila kompyuta inapowashwa. Programu za namna hiyo huingia zikiwa zimefungashwa pamoja na nyingine, hususani zile za kulipiwa ambazo watu huzigawana bure kwa flashi. Orodha ya programu zilizosakinishwa ikipangwa kwa tarehe, zile zilizoingia siku moja na kiendelezi huonekana kwa urahisi. AdwCleaner, programu ya bure ya Malwarebytes iliyoundwa mahususi kwa ajili ya matangazo, husaidia kuondoa mabaki.

Mwenza wa pili ni usawazishaji, na huyu ndiye anayewarudisha wengi kwa fundi bila sababu. Mtumiaji aliyeingia katika akaunti yake ya Chrome hubeba orodha ya viendelezi vyake kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Ndiyo maana kuweka Windows upya hakusaidii: orodha haikuwa katika Windows. Usawazishaji husitishwa kwanza, kila kompyuta yenye akaunti hiyo husafishwa, ikiwamo ile ya ofisini na ile aliyoachiwa mdogo wake nyumbani, kisha ndipo huwashwa tena.

Yafuatayo ni mepesi zaidi. Injini ya utafutaji na ukurasa wa mwanzo hukaguliwa, kwa kuwa mabadiliko yake yanaweza kubaki hata baada ya kiendelezi kuondoka. Amri ya kurejesha mipangilio ya awali ya kivinjari huyamaliza kwa pamoja. Njia ya mkato ya kivinjari nayo hufunguliwa katika sifa zake, na anwani yoyote ya tovuti iliyoongezwa baada ya neno chrome.exe hufutwa.

Suala la nywila huachwa mwisho kwa makusudi. Mtumiaji mwenye hofu hukimbilia kuibadilisha nywila ya barua pepe mara tu anapogundua tatizo, ilhali kiendelezi bado kipo na kinaweza kuisoma ile mpya kama kilivyoisoma ya zamani. Nywila hubadilishwa baada ya kompyuta kusafishwa, au hubadilishwa kwa kutumia kifaa kingine kabisa, zikianza za barua pepe na benki. Pamoja na hilo, mtumiaji hutumia sehemu ya usalama ya akaunti kuviondoa vifaa vyote vilivyoingia, kwa kuwa baadhi ya viendelezi vinaweza kuchukua vidakuzi vya kuingilia, na mwenye vidakuzi hivyo anaweza asiulizwe nywila. Mtafiti aliyekuwa na data za watoa taarifa katika akaunti hiyo hubadilisha pia viungo vya nyaraka alizozishiriki, na humjulisha msimamizi wake tarehe ambayo kiendelezi kilisakinishwa na ile kilipoondolewa, ili ijulikane ni data zipi zilizofunguliwa katika kipindi hicho.