Samaki wa Mto Tana, Nani Anawahesabu?

Sisi watu wa Pwani tukitajiwa samaki, akili huenda baharini. Lakini Garsen na vijiji vya delta ya Tana kuna watu wanaoishi kwa kambare na perege, na wengi wa samaki hao hawaonekani katika hesabu yoyote.

Juzi nilimuuliza mvuvi mmoja huko, rika la babangu: "Mzee, leo umepata kilo ngapi?" Akacheka. "Kilo ni za tajiri, mwanangu. Mimi nina mafungu." Mawili ya nyumbani, matatu yalishachukuliwa na mama karanga njiani. Karani wa samaki angefika na mzani wake angeandika sufuri.

Hesabu yenyewe si ngumu. Hupimi kila samaki. Unapima mitumbwi michache kwa siku chache, unapata wastani, kisha unazidisha kwa mitumbwi yote na siku za kuvua. Tuseme kilo 6, mitumbwi 40, siku 20: kilo 4,800 kwa mwezi. Ukikosea idadi ya mitumbwi, yote yameharibika. Na mtoni kila mtu ana ukingo wake. Mafuriko yakija, anahama.

Ndiyo maana wataalamu wengine huuliza jikoni: wiki hii mmekula samaki mara ngapi? Utafiti wa aina hiyo kutoka nchi 42, uliotolewa 2018, ulikadiria kuwa samaki wa maji baridi wanaovuliwa ni karibu asilimia 65 zaidi ya wanaoripotiwa.

Kwa samaki wa kufuga, kosa huelekea upande wa pili. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila eneo bunge kati ya 140, kila kimoja mita mraba 300. Kidimbwi huandikwa siku kinapochimbwa, lakini siku kinapokauka nani hukifuta? Anayezidisha idadi ya vidimbwi kwa mavuno ya wastani anapata samaki wa karatasi. Aulize kama kina maji, vifaranga vilitiwa lini, na zimevunwa kilo ngapi.

Na bajeti hufuata karatasi. Maji ya Tana yanapogawanywa, mabwawa ya umeme kule juu yana megawati zao, mashamba yana ekari zao. Mvuvi hana tarakimu ya kuweka mezani.

Mimi ningeanza na mama karanga. Mpeni daftari. Mafungu aliyonunua, kwa nani na kwa bei gani, yote anayo kichwani, maana nusu ni deni.