Tembe za mfadhaiko: Usizihukumu kwa siku nne

KARANI mmoja wa jijini Nairobi huamka usiku wa manane na usingizi haumrudii tena. Chakula hakimpandi, kichwa kinamgonga na kazi aliyoipenda imekuwa mzigo. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa homa ya matumbo, hana. Hatimaye daktari anamwambia kuwa anaugua mfadhaiko, na kumwandikia tembe za fluoxetine.

Siku ya nne anakata tamaa. Huzuni iko pale pale na sasa kichefuchefu kimeongezeka. Anazitupa tembe zote.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini wengi wamekipitia. Kosa la karani huyu ni kutoelezwa jambo moja: dawa hizi hugusa mwili kwanza, moyo baadaye.

Kwamba dawa moja yaweza kugusa mwili na moyo ni jambo lililojulikana zamani. Mnamo 1952, wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Sea View, New York, walipewa dawa ya iproniazid na baadhi yao wakachangamka ajabu. Baadaye ikatumiwa kutibu mfadhaiko, kabla ya kuachwa katika nchi nyingi kwa sababu ya kudhuru maini. Fluoxetine iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1987.

Mwili hutangulia

Katika juma la kwanza, anayemeza fluoxetine huenda akapatwa na kichefuchefu, kuumwa na kichwa, kutokwa na jasho, wasiwasi au kukosa usingizi. Amitriptyline, ambayo ni dawa ya zamani zaidi, hukausha kinywa, huleta usingizi mzito na kufunga choo. Mara nyingi taabu hizi hupungua baada ya juma moja au mawili, ingawa nyingine, kama vile kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, zaweza kudumu.

Nafuu ya moyo huja polepole. Wengine huanza kuiona baada ya juma moja au mawili, lakini kwa kawaida huchukua majuma manne hadi sita kujua kama dawa inafaa. Usingizi na hamu ya chakula vyaweza kurudi kabla ya furaha. Pengine jamaa zako watakuona umebadilika kabla hujajiona mwenyewe.

Weka daftari

Utajuaje basi kama dawa inakusaidia? Nunua daftari dogo. Kabla ya kumeza tembe ya kwanza, andika dalili zote ulizo nazo. Hatua hii ni muhimu, kwa maana mfadhaiko wenyewe huumiza kichwa na kuvuruga tumbo. Usipoandika mapema, utailaumu dawa kwa maumivu uliyokuja nayo.

Kisha kila jioni gawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika habari za mwili: usingizi, chakula, tumbo, kichwa. Upande wa pili ipe hali ya moyo wako alama kati ya 0 na 10. Andika pia saa uliyomeza dawa na jambo lolote lisilo la kawaida, kama vile msiba, ugomvi kazini au pombe. Usilinganishe jana na leo, linganisha juma na juma. Siku moja mbaya haimaanishi kuwa dawa imeshindwa, wala siku moja njema haimaanishi kuwa umepona.

Siku ya kurudi kliniki, beba daftari hilo. Daktari ataweza kubadilisha saa ya kumeza, kupunguza au kuongeza kipimo, au kukupa dawa nyingine.

Yasiyongojea

Hata hivyo, kuna mambo ambayo hayafai kusubiri siku ya kliniki. Mawazo ya kujiua yakija au yakizidi, mwambie mtu wa karibu na uende hospitali siku hiyo hiyo. Vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa makini zaidi katika majuma ya kwanza. Vivyo hivyo, rudi upesi ukijikuta huhitaji usingizi, unasema bila kukoma na kutumia pesa ovyo, au ukipatwa na homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, zikiwemo za kupunguza maumivu kama tramadol, na za mitishamba.

Wala usiache tembe ghafla kwa kuwa umepata nafuu. Huenda ukapatwa na kizunguzungu na kukosa usingizi, na ugonjwa wenyewe ukarudi. Daktari ndiye atakayekupunguzia hatua kwa hatua.

Subira huvuta heri, wahenga walisema. Lakini kusubiri si kunyamaza: meza, andika, na ukiona hatari, sema.