Nauli ya meli ya kitalii hailipii kila kitu

FAMILIA inayotoka Musanda, Kakamega, kwenda Mombasa kuabiri meli ya kitalii yafaa ifahamu mapema kinachogharamiwa na nauli.

Kwa kawaida nauli hulipia chumba, milo ya ukumbi mkuu na ile ya mkahawa wa kujipakulia. Soda, pombe, mikahawa maalumu, intaneti na matembezi ya nchi kavu hulipiwa kando. Katika meli nyingi, bakshishi ya wahudumu pia hutozwa kila siku kwa kila abiria, watoto wakiwemo.

Hatari kubwa imo katika kadi. Ile ifunguayo mlango wa chumba ndiyo hutumiwa kununulia vitu, na deni hulipwa mwishoni mwa safari, aghalabu kwa dola. Mtoto wa Musanda amezoea kwamba mgeni akiletewa soda hadaiwi; melini kila chupa huandikwa. Ni busara wazazi waombe kadi za watoto zifungiwe ununuzi, na wakague hesabu kila jioni.

Familia za Kiislamu, ambazo si haba upande wa Mumias, ziulizie chakula halali kabla ya kulipa nauli.