Laptopu Iliyopoteza Sauti

Sauti inapotoweka katika laptopu yenye umri wa miaka kumi au zaidi, wengi huamua upesi kwamba kadi ya sauti imeungua, ilhali mara nyingi kadi ni nzima na kinachokosekana ni draiva, yaani programu inayosimama kati ya mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, na kifaa chenyewe, ikikifikishia kifaa amri kwa namna kinavyozielewa. Uamuzi huo wa haraka huwagharimu watu, kwa kuwa wapo wanaolipia ubao mama mwingine kwa hitilafu ambayo ingeondolewa na faili moja tu, mradi faili hiyo iwe ndiyo hasa iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine ile.

Jina la kadi limerithiwa kutoka enzi ambapo kifaa hicho kilikuwa kadi kweli, kama Sound Blaster iliyotolewa mwaka 1989 na Creative, kampuni ya Singapore, ambayo ilichomekwa ndani ya kompyuta ya mezani. Katika laptopu nyingi hakuna kadi ya kuchomoa. Kazi yake hufanywa na sehemu mbili zilizolehemiwa kwenye ubao mama. Ya kwanza ni kidhibiti, ambacho husafirisha sauti ikiwa bado ni namba, na ya pili ni chipu ndogo iitwayo kodeki, ambayo hupokea namba hizo, kwa kawaida 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, na kuzigeuza kuwa mawimbi ya umeme yanayotikisa spika. Mpango wa namna sehemu hizo mbili zinavyowasiliana, uitwao AC'97, ambao Intel iliutoa mwaka 1997, ulifuatwa mwaka 2004 na mwingine uitwao High Definition Audio, na draiva iliyoandikwa kwa mpango mmoja haifai kwa mwingine hata kama laptopu mbili zinafanana kwa nje kama mapacha.

Lililo gumu zaidi, na ambalo mafundi wengi hulipita bila kulieleza, ni kwamba hata kodeki za aina moja haziunganishwi kwa namna moja. Kodeki ina pini kadhaa, na kila mtengenezaji wa laptopu huchagua ipi iende kwenye spika za ndani, ipi kwenye tundu la vipokea sauti vya masikioni na ipi kwenye maikrofoni, na vilevile ni ishara gani itakayowasha kikuza sauti. Ndiyo maana draiva ya jumla huweza kumpa mtumiaji sauti safi masikioni huku spika zikibaki kimya kabisa, jambo linalomfanya aamini kwamba spika zimekufa.

Kwa hiyo, baada ya kuhakikisha kwamba sauti haikuzimwa kwa kitufe cha kibodi, hatua ya maana ni kukiuliza kifaa utambulisho wake kabla ya kupakua chochote. Katika Windows, dirisha liitwalo Device Manager huorodhesha vifaa vyote, na kile chenye matatizo huwekewa alama ya mshangao ya rangi ya manjano. Kosa namba 28 humaanisha kwamba hakuna draiva iliyosakinishwa, na namba 10 kwamba kifaa kimeshindwa kuanza. Ndani ya sifa za kifaa hupatikana mstari kama HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0269, ambao una maana ingawa unaonekana kama fumbo: 10EC ni namba ya kampuni ya Realtek na 0269 ni kodeki ya ALC269. Namba ya Intel ni 8086, inayokumbusha prosesa yake ya mwaka 1978.

Utambulisho huo, pamoja na namba ya modeli iliyobandikwa chini ya laptopu, ndio wa kupeleka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, wala si kwa zile programu zinazojinadi kuwa na draiva za kompyuta zote, ambazo mara nyingi humaliza bando la mtu na kumwachia matangazo. Draiva ya chipu kuu za ubao mama isakinishwe kwanza, kwa sababu kidhibiti kisipotambuliwa, kodeki iliyo nyuma yake haitaonekana. Draiva ya Windows 7 wakati mwingine hufanya kazi katika Windows 10, lakini ya biti 32 haikubaliki katika mfumo wa biti 64.

Tangu Microsoft ilipositisha huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kuhamia Linux kumekuwa na mantiki zaidi kwa mashine kuukuu, kwani draiva nyingi za sauti zimo tayari ndani ya kiini cha mfumo chini ya jina la ALSA. Huko, ukimya mara nyingi hutokana na mkondo uliofungwa: programu ya alsamixer huonyesha herufi MM chini ya safu iliyonyamazishwa, na kubonyeza M huifungua.

Draiva ikiwa sahihi na spika zikaendelea kunyamaza, lichunguzwe tundu la vipokea sauti. Katika laptopu nyingi tundu hilo lina swichi ndogo inayoiarifu kodeki kwamba plagi imeingizwa. Vumbi likiikwamisha, kompyuta hudhani mtu amevaa vipokea sauti na kuzizima spika, na kuingiza na kutoa plagi mara kadhaa huweza kuiachilia. Kodeki ikiwa imeungua kweli, adapta ya sauti inayochomekwa kwenye tundu la USB, ambayo ina kodeki yake na kwa kawaida hutambuliwa na Windows na Linux bila draiva ya ziada, huirudishia laptopu sauti bila mtu kugusa ubao mama.